Karte ya benki imeibiwa soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi), kode yake ya siri hakuna aliyeijua, na bado dola zimetoka. Zimetokaje?

#1 MwanaKatuba
Wakubwa na wadogo, jambo sana.

Mdogo wangu ni mwalimu. Jumamosi iliyopita alikuwa soko la Kenya, msongamano wa mwisho wa mwezi mnaujua, mkoba ukakatwa kwa wembe. Ndani mlikuwa karte ya benki, telefone, karte ya mpiga kura na feza ya taksi. Saa 13:00 alishuka kwenye taksibisi na akalipa, kwa hiyo mkoba ulikuwa mzima. Saa 13:30 alipotaka kulipa unga ndipo akakuta tobo.

Siku ile hakupiga simu benki. Telefone imekwenda, namba ya benki imeandikwa nyuma ya karte, na karte yenyewe imekwenda. Jumatatu asubuhi tulikwenda pamoja. Karte wakaifunga, lakini dola 180 zilikuwa zimeshatoka kwenye mashine Jumamosi ile ile. Mama aliyetupokea akasema: kode iliingizwa sawa mara ya kwanza, kwa hiyo benki haidaiwi kitu.

Mdogo wangu anaapa hakuiandika kode popote, na mimi ninamwamini. Ninauliza mambo mawili. Feza ilitokaje? Na mtu akipoteza karte hapa Lubumbashi, aanzie wapi?

#2 Mtoto_wa_Bongonga
Pole sana yaya, mukubwa wangu. Bale ba wembe ba soko, mwisho wa mwezi njo mavuno yao. Ninafuata uzi.

#3 Mama_Ruashi
MwanaKatuba, pole kwa mdogo wako. Ninajibu la pili kwanza, maana ndilo linaokoa feza. Mtu aanze kwa kufunga karte. Kabla ya polisi, kabla ya komini (ofisi ya serikali ya mtaa), kabla ya kuzunguka soko kuuliza vijana kama wameona mkoba. Azima telefone ya muuza unga huyo huyo, piga benki, sema karte imeibiwa, fungeni sasa.

Mimi ni muuza vitenge, Kasumbalesa ninaijua kama uwanja wa nyumbani. Namba ya huduma ya karte nimeiandika kwenye daftari la mauzo, tena iko ukutani jikoni, na mume wangu anayo. Karte ilipoibiwa kwenye foleni ya mpakani, nilimpigia mume kwa simu ya dereva, yeye akapiga benki. Waliuliza jina langu kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya konti. Kode hawakuiuliza. Wakaifunga kwa muda mpaka nifike mwenyewe na kutia sahihi.

Na jambo hili msilidharau: andika saa uliyopiga, jina la aliyekujibu na namba ya faili kama wanatoa. Siku mtakapobishana, saa ile ndiyo itakayosema feza ilitoka kabla au baada ya wewe kuwaarifu.

#4 Fundi_Njanja
Mama Ruashi amesema kweli kuhusu karte, lakini ninyi wote mnaipita telefone kama kwamba ni kitu kidogo. Mimi ninatengeneza telefone, ninaziona zinazoletwa. Mwizi wa leo akipata mkoba wenye karte na telefone pamoja, anaanza na telefone.

Anatoa kadi ya simu, ile SIM, anaiweka kwenye telefone yake ya vibonyezo. Kama kadi ya simu haina kode yake, meseji zote za benki zinaingia kwake. Konti za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money zimefungwa kwenye namba hiyo. Anaweza hata kupiga huduma ya wateja akijifanya ni wewe, na karte ya mpiga kura anayo mkononi, ina jina, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi.

Kwa hiyo wekeni kode kwenye kadi ya simu yenyewe, si kwenye kioo tu. Ukikosea mara tatu inajifunga, inataka namba ndefu ya kufungulia ambayo iko kwenye kile kiplastiki ulichonunulia. Na leo usiku kila mmoja abonyeze *#06#, aandike ile namba ndefu ya utambulisho wa telefone yenyewe kwenye karatasi, aiache nyumbani.

MwanaKatuba, telefone ya mdogo wako ilikuwa na kode ya kioo?

#5 Kasapa_Sheria
Poleni familia. Lakini tuseme ukweli. Mashine haitoi dola bila kode, na kode haiotwi ndotoni. Kama iliingia sawa mara ya kwanza, aliyeiingiza alikuwa anaijua. Nani anaijua kode ya mwalimu? Mtu wa nyumbani. Shemeji, mpwa, rafiki anayetumwa mjini kumtolea mshahara. Mkoba kukatwa ni bahati mbaya iliyokuja juu ya wizi mwingine.

#6 Mama_Ruashi
Kasapa, mtoto wangu, umefika kwa watu wenye msiba umeshaanza kuhesabu wachawi. Mtu wa nyumbani anajulikana kwa ushahidi, si kwa sababu tumekosa jibu lingine.

#7 Mtoto_wa_Bongonga
Kasapa atakuwa prokireri, mushitaki wa serikali, mapema kuliko diploma 😂

#8 Nilikuwa_Gishe
Habari zenu. Nilifanya kazi katika huduma ya karte, sasa nimetoka. Ngoja nitenganishe mambo.

Kode haisomeki kwenye karte. Haiko kwenye utepe mweusi wa nyuma. Chipu inaweza kulinganisha namba unayobonyeza na kusema ndiyo au hapana, lakini haikupi kode yenyewe. Kode za tarakimu nne ni 10,000 kwa jumla, na kwa kawaida ukikosea mara tatu karte inafungwa au mashine inaimeza. Kwa hiyo kubahatisha ovyo hakufai.

Lakini watu hawachagui ovyo. Kuna uchambuzi uliotolewa 2012 wa kode milioni 3.4 za tarakimu nne zilizovuja kwenye intaneti: 1234 peke yake ilikuwa karibu asilimia 11, na zinazoanza na 19, yaani miaka ya kuzaliwa, zilijaa sehemu ya juu ya orodha. Sasa soma tena #1. Karte ya benki na karte ya mpiga kura katika mkoba mmoja. Mwizi anasoma tarehe ya kuzaliwa, ana majaribio matatu: siku na mwezi, mwaka, 1234. Nimeona konti zikitoka hivyo, na kila mwenye konti aliapa hajaandika kode popote, na alikuwa anasema kweli.

MwanaKatuba, usituandikie kode hapa. Mwulize tu kama ina uhusiano na tarehe yoyote.

#9 MwanaKatuba
Asanteni wote. Fundi: kioo kilikuwa na alama ya kuchora, herufi L. Nilikuwa_Gishe: nimemwuliza. Ni mwaka, lakini si wake, ni wa mtoto wake wa kwanza. Huo hauko kwenye karte ya mpiga kura.

Kasapa: hamtumi mtu mjini, anatoa mwenyewe. Mume wake anafanya kazi Kolwezi na wiki ile hakuwa hapa.

#10 Fundi_Njanja
Herufi L ndiyo ya kwanza kila mwizi anaijaribu. Shika telefone kwenye mwanga ukiilaza kidogo, alama ya kidole yenyewe inaonekana kwenye kioo. Akiingia ndani anakuta picha za sikukuu ya kuzaliwa, keki imeandikwa jina na miaka ya mtoto. Au anakuta kode imehifadhiwa kati ya majina, "Mjomba Benki", namba yenye mkia wa tarakimu nne. Nimeziona hizo nyingi, watu wanadhani wamejificha.

#11 Kipushi_Road
Hakuna aliyeuliza habari ya siku za nyuma. Mimi ninauliza: mdogo wako mara ya mwisho alitoa feza wapi, na kuna mtu alimsaidia?

Kuna mchezo unachezwa kwenye mashine. Wanaingiza kitu chembamba kwenye mdomo wa mashine, karte yako inakwama. Anatokea kijana amevaa vizuri, anaongea Kifaransa safi: "Mama, ilinikwamia na mimi jana, bonyeza kode tena halafu kitufe cha kijani." Unabonyeza, anaangalia. Karte haitoki, unaenda kutafuta mlinzi, yeye anaivuta. Ya pili ni mbaya zaidi: anaigusa karte yako kidogo tu, anakurudishia karte nyingine ya benki ile ile, rangi ile ile. Unaitia kwenye pochi bila kusoma jina. Unatembea wiki nzima na karte ya marehemu fulani.

#12 Mtoto_wa_Bongonga
Hii ya kubadilisha karte ni kweli kabisa. Ilimufikia baba mudogo wangu ku mashine moja ya mjini. Alijua siku alienda kutoa feza, mashine ikakataa kode. Kusoma jina, ni la mama mumoja hajamuonaka hata siku moja.

#13 Dada_Bruxelles
Salamu kutoka huku, mimi ni mzaliwa wa Kamalondo. Huku Ubelgiji kuna namba moja ya nchi nzima, Card Stop, 078 170 170, usiku na mchana, benki yoyote uliyo nayo. Ukipiga, karte inafungwa pale pale. Na benki inakurudishia feza yako.

Namba ya zamani ilianza na 070, na kuna watu bado wanayo kwenye karatasi. Wenye ndugu huku, waambieni waibadilishe.

#14 Kasapa_Sheria
Mnaona! Ulaya benki inarudisha yote. Hapa mwalimu anaambiwa haidaiwi kitu.

#15 Dada_Bruxelles
Kasapa, sikusema yote, ngoja nieleze vizuri. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inasema hivi: feza iliyotoka kabla hujaarifu, unaweza kubeba hasara mpaka euro 50. Zamani ilikuwa 150, ikashushwa 2018. Iliyotoka baada ya kuarifu, wewe hubebi kitu, ila kama ni wewe uliyefanya udanganyifu. Lakini benki ikithibitisha uzembe mkubwa, kwa mfano kode imeandikwa kwenye karatasi iliyofungwa pamoja na karte, unaweza kubeba yote. Na benki za huku zinapenda sana neno "uzembe mkubwa". Rafiki yangu alibishana nao miezi.

#16 Likasi_120
Marekani iko vingine. Kaka yangu yuko Texas, aliwahi kunielezea baada ya yeye kuibiwa. Karte ya konti ya kawaida: ukiarifu ndani ya siku mbili za kazi tangu ulipojua imepotea, hasara yako haipiti dola 50. Ukichelewa hapo, inaweza kufika dola 500. Na ukikaa zaidi ya siku 60 tangu benki ilipokutumia taarifa ya konti bila kusema kitu, kinachotoka baadaye unaweza kukipoteza chote. Karte ya mkopo ni 50 kwa sheria, basi. Kwa hiyo kule nako wanaangalia saa, kama Mama Ruashi alivyosema #3.

#17 Mama_Ruashi
Asante Likasi. Sasa tuambieni ya hapa, dola 180 za mwalimu hazikuibiwa Texas.

#18 Kasapa_Sheria
Ya hapa ninaisoma chuoni. Kuna ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, sheria ya dijitali. Hiyo ndiyo inayosimamia malipo ya karte.

#19 Nilikuwa_Gishe
Hapana, Kasapa. Ile ya 2023 inagusa makosa ya jinai ya mtandaoni, inafaa ukitaka kumshitaki mwizi. Ya mifumo ya malipo ni sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018. Na kabla ya zote mbili, MwanaKatuba, kuna karatasi ambayo mdogo wako alitia sahihi siku anachukua karte. Kuna sehemu inayosema mwenye karte anabeba shughuli zote mpaka saa benki inapopokea taarifa ya kupotea. Mikataba mingi imeandikwa hivyo. Aiombe nakala yake aisome, kwa sababu yule mama wa benki alikuwa anasoma kutoka hapo.

#20 Kasapa_Sheria
Nimekubali, ni 2018. Asante mkubwa. Lakini kifungu cha mkataba si mwisho wa mambo. Kama benki inasema kode ni sahihi, ni benki inayopaswa kuonyesha alama za mashine: saa, namba ya mashine, chipu ilisomwa au utepe. Mwalimu hawezi kuthibitisha kitu ambacho kiko ndani ya kompyuta ya mwingine. Aandike barua, nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa mapokezi arudi nayo. Waombe na picha za kamera ya mashine, na waombe haraka, maana picha hizo hazihifadhiwi milele, mpya zinafuta za zamani.

#21 Mtoto_wa_Bongonga
Leo Kasapa ameongea ya maana, tumupigie makofi.

#22 Injinia_Golf
Ninaona mnashikilia kwamba bila kode haiwezekani. Inawezekana. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba karte ya chipu iliyoibiwa inaweza kutumika bila kuijua kode. Kifaa kinakaa katikati ya karte na mashine, kinaiambia mashine "kode ni sawa" wakati karte yenyewe haijaulizwa kitu. Na haikubaki maabara. Baadaye Ufaransa ilikamatwa karte za wizi zilizowekewa chipu ya pili juu ya ile ya kwanza, karibu karte 40, zilizonunua vitu vya euro kama 600,000, nyingi Ubelgiji. Kwa hiyo benki ikisema "kode iliingizwa sawa", hilo peke yake halithibitishi kitu.

#23 Nilikuwa_Gishe
Injinia, ni kweli, lakini ile ilikuwa kwenye mashine za malipo za dukani, ambako karte yenyewe ndiyo inayohakiki kode. Mashine ya kutoa feza inatuma kode mpaka kompyuta ya benki, ndiko inakohakikiwa. Ujanja ule haupiti hapo. Mdogo wa MwanaKatuba alitolewa feza kwenye mashine. Na sioni mwizi wa wembe wa soko la Kenya akitengeneza chipu mbili kwa nusu saa.

#24 Injinia_Golf
Nusu saa ni wewe unayeisema. MwanaKatuba hajatuambia ilitoka saa ngapi. Na utepe wa nyuma? Karte iliyonakiliwa kabla, kamera ndogo juu ya vibonyezo, kode wanayo tayari. Hapo hata wizi wa mkoba hauhusiki.

#25 Mzee_wa_Gecamines
Wanangu, ninawasoma. Sisi tulilipwa mkononi, bahasha, unatia sahihi. Nyumbani tulificha kwenye godoro. Msiseme godoro ni salama: Desemba 1979 Mobutu aliondoa noti za zaire 5 na 10, tukapewa siku chache tu za kubadilisha, na kuna watu walibaki na makaratasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, milioni tatu za zamani kwa moja. Tangu hapo wengi tukaweka dola. Na dola ikipasuka kidogo pembeni, hakuna anayeipokea hapa mjini.

Kwa hiyo karte siichukii. Ninachosema, usitembee sokoni na mshahara wote kwenye kitu kimoja. Mke wangu ana likelemba yake na wenzake, wanachanga feza na kupokea kwa zamu, ana kidogo kwenye simu, na benki ni ya ada ya shule.

#26 Mama_Ruashi
Baba, asante sana. Ninaongeza: konti mbili. Ile yenye karte ninaiachia ya matumizi ya wiki, nyingine haina karte kabisa, ninaenda ndani na kitambulisho. Na benki nyingi zinaweza kuweka kikomo cha kutoa kwa siku, unaomba tu washushe. Mwenye karte anayetoa dola 50 kwa wiki, kikomo cha dola 1,000 kwa siku ni cha kazi gani?

#27 Likasi_120
Tukiwa hapo, kuna hili la namba tatu za nyuma ya karte. Karte ikiokotwa, mtu hahitaji kode kununua vitu kwenye intaneti. Anahitaji namba ndefu, tarehe, na zile tatu. Mimi nimezikariri, nikazifunika kwa kipande cha karatasi ya gundi. Na kama hununui nje kamwe, omba benki wafunge malipo ya intaneti.

#28 Injinia_Golf
Maduka mengine hayaulizi hata zile tatu, Likasi. Lakini kuzifunika ni vizuri. Na karte zenye kugusa tu zinalipa kiasi kidogo bila kode mpaka zifungwe.

#29 MwanaKatuba
Nimerudi. Tumepata taarifa ya konti. Asanteni kwa wazo la barua, imepigwa muhuri leo.

Dola 180 zilitoka kwa mara moja, mashine ya mjini upande wa Posta. Saa iliyoandikwa ni 12:48.

Nimekaa nayo tangu asubuhi. Mdogo wangu alilipa taksibisi saa 13:00 mkoba ukiwa mzima. Feza ilitoka kabla hajaibiwa!

Na Kipushi_Road, nimemwuliza swali lako. Kama wiki moja kabla, kwenye mashine karibu na Posta, karte ilikataa na kijana mmoja aliifuta kwa shati yake na kumrudishia. Feza hakupata siku ile, akaondoka.

#30 Kipushi_Road
Basi ndiyo hiyo. Karte ilibadilishwa siku ile ya shati. Aliyokuwa nayo mkobani si yake.

#31 Kasapa_Sheria
Au ilichukuliwa nyumbani asubuhi na kurudishwa. Msinipige, ninasema tu inawezekana.

#32 Nilikuwa_Gishe
Kipushi, hapo kuna shida. Mwenye kubadilisha karte anatoa feza dakika ile ile, kabla mwenyewe hajagundua. Hasubiri wiki.

#33 Kipushi_Road
Anasubiri kama konti ni tupu. Wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi, konti ya mwalimu ina nini? Tangu 2011 serikali ilipoanza kulipa watu wake kupitia benki, mwizi yeyote anajua mishahara inaingia lini hivi. Alijaribu, akakuta dola tatu, akangoja.

#34 Mama_Ruashi
MwanaKatuba, taarifa ya konti inaonyesha kuna mtu aliyeuliza salio katikati ya wiki ile? Wakati mwingine wanakata ada kidogo kwa kuuliza salio, inaonekana kwenye mstari wake.

#35 Likasi_120
Ngojeni kwanza. Saa 12:48 ya wapi?

Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kama kompyuta ya benki iko Kinshasa na inaandika saa ya huko, 12:48 yao ni 13:48 yetu. Mkoba ulikatwa kati ya 13:00 na 13:30. Kutoka Kenya mpaka Posta kwa pikipiki muda unatosha kabisa.

#36 Fundi_Njanja
Likasi, umeupindua uzi wote. Kama ni 13:48, tunarudi kwenye telefone yangu ya herufi L.

#37 Nilikuwa_Gishe
Ni swali zuri sana na sikuliwaza. Inategemea. Risiti ya mashine mara nyingi ina saa ya mashine yenyewe, taarifa ya konti inaweza kuwa na saa ya kompyuta kuu. MwanaKatuba, waulize waziwazi kwa maandishi: saa hii ni ya Lubumbashi au ya Kinshasa? Njia rahisi ya kupima: atafute risiti yake yoyote ya zamani ya mashine, alinganishe na mstari wake kwenye taarifa ya konti. Zikitofautiana kwa saa moja, mmejua.

#38 Injinia_Golf
Na meseji ya benki je? Kama feza ilitoka kabla ya wizi, telefone ilikuwa bado mkononi mwake, ingelia.

#39 MwanaKatuba
Injinia, meseji hakujiandikisha, wanakata kila mwezi. Mama Ruashi, kuna mstari wa ada siku ya Jumatano, haujaandikwa ni ya nini. Risiti za zamani anazitafuta kwenye vitabu vyake vya darasa, ana tabia ya kuziweka humo.

Na jambo jingine. Jana usiku nilipigiwa simu mimi, namba ngeni. Mtu anasema ni wa benki, wamekamata karte ya mdogo wangu, wanahitaji kode mpya ili wamrudishie dola.

#40 Dada_Bruxelles
USIMPE. Benki haiulizi kode, wala ile namba inayoingia kwa meseji. Huku nako wanapiga baada ya wizi, kwa sababu wanajua umechanganyikiwa na unaisubiri simu ya benki.

#41 Fundi_Njanja
Na namba yako ameipata wapi? Kwenye telefone ya mdogo wako. Huyo ameshaifungua. Mdogo wako alishakwenda kurudisha namba yake ya simu?

#42 MwanaKatuba
Sikumpa. Nilimwambia aje benki na sisi, akakata.

Namba bado haijarudishwa. Wanataka kitambulisho, na karte ya mpiga kura ndiyo iliyoibiwa. Kesho mapema komini, kuchukua ile atestasyo ya kupoteza vitambulisho, halafu tunapita kwa watu wa simu.

#43 Mama_Ruashi
Nendeni saa ya kufungua, baada ya saa nne asubuhi watu wanajaa. Atestasyo mtoe nakala nyingi, benki itataka yake, simu yake, na polisi wakati wa kuandika malalamiko watataka yao. Ile namba iliyokupigia usiifute, iandike kwenye malalamiko pamoja na saa.

#44 Kasapa_Sheria
Ninaweza kuwasaidia kuandika malalamiko, bure. Nitumie ujumbe wa siri, MwanaKatuba. Na ya shemeji ninayaondoa mpaka tujue saa.

#45 Kipushi_Road
Hata ikiwa 13:48, ile Jumatano yenye ada haijajibiwa.

#46 Fundi_Njanja
Na hata ikiwa 12:48, simu ya jana usiku haijajibiwa.

#47 Mtoto_wa_Bongonga
Wakubwa, samahani ninaingiza yangu. Mashine imemeza karte yangu leo jioni, benki imefungwa mpaka Jumatatu. Kijana mumoja pale aliniambia niende tu, haiwezi kutoka tena. Niifunge ao nisubiri?

#48 Nilikuwa_Gishe
Ifunge. Sasa hivi. Namba iko kwenye kibandiko cha mashine, lakini hakikisha ni ya benki yenyewe, wengine wanabandika ya kwao. Ukitilia shaka, tazama namba kwenye karatasi ya mkataba wako au karte ya mtu mwingine wa benki hiyo.

#49 Mtoto_wa_Bongonga
Ya kibandiko na ya karte ya yaya wangu hazifanane. Ninapiga ya yaya.